Sonoff Basic R2 na Tasmota: swichi inayotii hata bando likiisha

Sonoff Basic R2 ni kijiboksi cheupe cha plastiki, kirefu karibu sentimita 9, kinachofungwa katikati ya waya wa taa ili taa iwashwe na kuzimwa kwa Wi-Fi. Kinatengenezwa na ITEAD ya Shenzhen, China. Ndani mna rilei moja (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya A 10 na chipu ya ESP8285 ya Espressif yenye kumbukumbu ya MB 1. Kikitumiwa kama kilivyotoka kiwandani ni kifaa cha kawaida. Kikitolewa programu ya kiwandani na kutiwa Tasmota, ambayo ni programu huria isiyolipiwa, kinakuwa swichi inayoifaa nyumba ya Uganda kuliko yoyote ninayoijua ya bei ya chini. Mapitio haya yanahusu hali hiyo ya pili, pamoja na mahali ambapo kijiboksi hiki hakifai kabisa kufungwa.

Swichi nyingi za Wi-Fi zinazouzwa Kampala hazisikii simu yako moja kwa moja. Ukibonyeza kwenye simu ukiwa sebuleni Ntinda, amri inavuka bahari hadi kwenye seva ya kampuni, kisha inarudi sebuleni humo humo kuwasha balbu iliyo juu ya kichwa chako. Bando likiisha, taa haisikii. Wakati wa uchaguzi mkuu wa Januari 2021 intaneti nchini ilizimwa jioni ya tarehe 13 na ikaanza kurudi tarehe 18. Siku hizo zote, amri iliyotegemea seva ya nje haikuwa na pa kupita. Na hata intaneti ikiwa nzima, kampuni yenyewe inaweza kuondoka: seva za Insteon, kampuni ya swichi za namna hii, zilinyamaza ghafla Aprili 2022, kisanduku cha Revolv cha kuongozea vifaa vya nyumbani kilizimwa na wenyewe Mei 2016, na Belkin ilitangaza Julai 2025 kwamba huduma ya vifaa vyake vingi vya Wemo ingekoma tarehe 31 Januari 2026. Wateja walilipa bei kamili, lakini siku ya mwisho ya huduma hawakuipanga wao.

Kwa haki, programu ya kiwandani ya Sonoff inaweza kwa kiasi fulani kufanya kazi ndani ya Wi-Fi ya nyumbani bila intaneti. Lakini kuisajili mara ya kwanza kunadai akaunti ya eWeLink, app ya simu ya Sonoff, na intaneti, na haikupi uhuru wa kupanga kwa undani swichi ifanye nini umeme unapokatika na kurudi. Kwa umeme wetu, hapo ndipo penye kazi yote.

Kuflashi

Kuflashi ni kubadili programu iliyo ndani ya chipu. Unahitaji laptopu, adapta ya USB ya kuzungumza na chipu (FT232, CP2102 au CH340, yoyote inafaa), nyaya nne ndogo, pini nne za nafasi ya milimita 2.54, na chuma cha kulehemu. Kabla ya lolote, hakikisha kijiboksi hakijaunganishwa na umeme wa ukutani, na kisiunganishwe hata kidogo muda wote kikiwa wazi na adapta ikiwa imechomekwa. Bodi yake haijatenganishwa na volti 240. Kosa hilo huunguza laptopu, na linaweza kuua mtu.

Fungua kifuniko, tafuta matundu manne yaliyoandikwa 3V3, RX, TX na GND, ulehemu pini. Unganisha 3V3 na 3V3, GND na GND, kisha RX ya bodi iende kwa TX ya adapta na TX iende kwa RX. Adapta nyingi zina kijumpa cha kuchagua 3.3 V au 5 V. Kiweke 3.3 V, kwa sababu 5 V huiua chipu papo hapo. Shikilia kitufe cha kijiboksi, chomeka USB, hesabu sekunde mbili tatu, achia. Taa yake ndogo ikibaki bila kuwaka, iko tayari kupokea programu.

Amri zinazofuata ni za esptool, programu ya laptopu ya kusomea na kuandikia chipu hizi. Hatua ya kwanza iwe kunakili programu ya kiwandani, ili uweze kuirudisha ukitaka:

esptool.py read_flash 0x0 0x100000 nakala.bin

Kisha futa na uandike upya:

esptool.py erase_flash
esptool.py write_flash -fs 1MB -fm dout 0x0 tasmota.bin

Kati ya amri moja na nyingine chomoa USB, shikilia kitufe tena, uchomeke upya. Ukipuuza hilo utaambiwa kila mara kwamba chipu haijibu. Asiyependa kuandika amri atumie ukurasa wa kusakinishia wa Tasmota kupitia Chrome au Edge, ambao hufanya kazi hiyo kwa kubonyeza tu, ila unadai intaneti wakati huo.

Kinachokwamisha zaidi ni umeme wa 3.3 V. Adapta ya FT232RL hutoa mA 50 tu kwenye pini hiyo, ilhali chipu ya Wi-Fi huvuta mara kadhaa ya hapo redio inapowaka. Matokeo yake ni kuandika kunakofika nusu na kufa, au kijiboksi kinachojiwasha upya bila kikomo baada ya kuandikwa vizuri. Dawa yake ni kipunguza volti cha AMS1117 cha 3.3 V kinacholishwa na pini ya 5 V ya adapta, na GND zote zikiunganishwa pamoja. Ni kipande kidogo ambacho mafundi wa elektroniki huwa nacho. Kikwazo cha pili ni waya wa USB wa kuchajia tu, usio na nyaya za data: adapta inawaka lakini laptopu haioni kitu. Cha tatu ni lile neno dout kwenye amri ya kuandika. Ukiiacha, chipu inaweza isiwake.

Ikiwaka, inafungua Wi-Fi yake yenye jina linaloanza na tasmota. Ingia kwa simu, fungua 192.168.4.1, andika jina na nywila ya Wi-Fi ya nyumbani, kisha uchague moduli ya Sonoff Basic, namba 1. Chipu hii inajua 2.4 GHz pekee na haijui WPA3. Ruta mpya za 4G na 5G mara nyingi huunganisha 2.4 na 5 GHz chini ya jina moja. Ikisumbua, zitenganishe, na usalama uweke WPA2. Ukikosea nywila na kifaa kikapotea, shikilia kitufe sekunde 40, kitarudi mwanzo.

Na hapa pana ushauri kwa wanaobadili mtandao kila ofa mpya inapotoka: ukinunua ruta nyingine, ipe jina na nywila zilezile za ile ya zamani. Vifaa vyote vitarudi vyenyewe bila kupanda ngazi.

Mipangilio ya umeme wetu

Hapa ndipo Tasmota inapolipa taabu ya kulehemu, na pia ndipo mipangilio yake ya kawaida inapokosana na Uganda.

La kwanza: Tasmota ina njia ya dharura ya kujirudisha mwanzo. Ukikata na kurudisha umeme mara 6 mfululizo, kila mara chini ya sekunde 10, halafu mara ya 7 ukauacha, inafuta mipangilio yote. Waliobuni njia hiyo walimfikiria mtu anayecheza na swichi makusudi. Umeme unaoyumbayumba kabla ya mvua kubwa hufanya jambo lilelile bila kutumwa na mtu, na asubuhi unakuta kijiboksi kimesahau Wi-Fi yako. Izime kwa kuandika kwenye ukurasa wa Console, unaofunguliwa kwa kivinjari ndani ya ukurasa wa kijiboksi:

SetOption65 1

Kitufe cha sekunde 40 kinabaki kuwa njia yako ya kuokoa kifaa, basi usikifungie mahali ambapo kidole hakifiki.

La pili ni saa. Tasmota hutoka ikiwa kwenye saa ya UTC+1, nasi tuko UTC+3. Usipobadili, taa uliyoipangia saa 12:30 jioni itawaka saa 2:30 usiku. Andika Timezone 3. Kumbuka pia kwamba ratiba zake hutumia mtindo wa saa 24, kwa hiyo 12:30 jioni ni 18:30.

Tasmota inaweza kukokotoa machweo ukiipa latitudo na longitudo. Kampala ni 0.35 na 32.58. Lakini sisi tuko kwenye ikweta: mwaka mzima jua la Kampala huzama kati ya takriban 18:30 na 19:05. Saa moja isiyobadilika inatosha kwa taa za nje, na inapunguza jambo moja la kuharibika.

Timer1 {"Enable":1,"Time":"18:30","Days":"1111111","Repeat":1,"Action":1}
Timer2 {"Enable":1,"Time":"06:45","Days":"1111111","Repeat":1,"Action":0}
Timers 1

La tatu ndilo zito, nalo ni taa ya ulinzi umeme unaporudi usiku. Tuseme umekatika saa 11 jioni taa ikiwa imezimwa, ukarudi saa 3 usiku. Kwa mpangilio wa kawaida swichi inakumbuka hali ya mwisho, yaani kuzimwa, na wakati wa 18:30 umeshapita. Ua unabaki gizani hadi kesho yake jioni. Suluhisho ni kuipa taa ya ulinzi tabia ya kuwaka kila umeme unaporudi, kisha kuiruhusu kujizima ikishajua kuwa ni mchana:

PowerOnState 1
Rule1 ON Time#Initialized>405 DO Power1 0 ENDON ON Time#Initialized>1110 DO Power1 1 ENDON
Rule1 1

Namba hizo ni dakika tangu saa 6 usiku: 405 ni 06:45, na 1110 ni 18:30. Umeme ukirudi saa 9 alasiri taa inawaka, saa inapatikana, sharti la kwanza linatimia, inazima. Ukirudi saa 3 usiku masharti yote mawili yanatimia kwa mpangilio, inazima na kuwaka papo hapo. Ukirudi saa 9 usiku hakuna sharti linalotimia na taa inabaki imewaka. Saa isipopatikana kabisa, inabaki imewaka pia. Kwa taa ya ulinzi huo ndio upande sahihi wa kukosea.

Kwa nini saa isipatikane? Kwa sababu ESP8285 haina betri ya saa. Kila ikiwaka inauliza muda kwenye intaneti. Nyumba isiyo na bando ina swichi zisizojua ni saa ngapi, na ratiba zote hulala. Hiki ndicho kilema kikubwa cha kifaa hiki, na wauzaji wa vifaa vilivyoflashiwa tayari hawakitaji. Tiba yake ni kompyuta moja ndani ya nyumba inayotunza saa na kuwagawia wengine. Raspberry Pi 4 haitoshi peke yake kwa sababu nayo haina saa yenye betri. Iongezee moduli ya saa ya DS3231, au tumia Pi 5 iliyowekewa betri yake ya saa. Mimi napendekeza laptopu kuukuu yenye GB 4 za RAM: ina saa yake, na betri yake ikiwa bado nzima inavuka mgao mfupi. Weka Home Assistant, programu huria ya kuendeshea vifaa vya nyumba, ongeza programu-jalizi ya Chrony kwa ajili ya saa na Mosquitto kwa ajili ya MQTT, lugha ambayo swichi hutumia kuzungumza nayo, kisha uambie kila swichi NtpServer1 na anwani ya laptopu hiyo. Ukichagua Pi, usiiache ikiendeshwa na kadi ya SD bila betri ya akiba. Umeme unaokatika ghafla huharibu kadi hizo, na mipangilio yote huondoka nazo.

Kufunga ukutani

Nyumba zetu zimefungwa nyaya kwa mtindo wa Kiingereza. Boksi la swichi ukutani kwa kawaida lina laivu inayoingia na laivu inayokwenda kwenye taa, nyutro haimo. Kijiboksi hiki kinataka laivu na nyutro zote mbili. Kwa hiyo fundi atakifunga juu, kwenye maungio ya taa darini, ambako nyutro ipo. Kiwekwe ndani ya boksi la plastiki la maungio, karibu na silingi bodi na mbali na mabati, kwa maana joto la darini mchana ni kali. Boksi lenyewe lizibwe vizuri, maana sisimizi na mijusi hupenda mahali penye joto la chipu.

Kagua kwa testa kabla ya kufunga. Rilei inakata upande wa L tu, N inapita moja kwa moja. Fundi akigeuza laivu na nyutro, taa itazimika machoni lakini holda itabaki na umeme, na anayebadili balbu anaweza kupigwa. Dalili moja ya nyaya zilizogeuzwa ni balbu ya LED inayofifia bila kuzimika kabisa. Waya wa athi hauna pa kuingia kwenye kijiboksi hiki: uunganishwe pembeni kwa koneka, usikatwe na kuachwa.

Swichi ya ukutani ikibaki mbele ya kijiboksi, mtu yeyote atakayeizima atakiua na Wi-Fi yake. Kwenye chumba ambacho watu wanatumia swichi ya ukutani kila siku, acha Basic na ununue Sonoff MINI R2. Ina matundu ya S1 na S2 ya kuungia swichi iliyopo, na Tasmota inaisoma kupitia pini ya chipu iitwayo GPIO4. Kwa mpangilio wa SwitchMode1 0, kila ukibonyeza ukutani hali inageuka, awe ni wewe au simu aliyewasha mwisho. Basic ibaki kwa taa za nje, za korido na za banda la kuku.

Mizigo isiyo yake

A 10 kwa V 240 ni W 2400 kwenye karatasi. Kwa kazi ya kila siku mimi nisingevuka A 5. Birika la W 3000 linavuta A 12.5, na shawa ya maji moto ya papo hapo inavuta zaidi ya hapo: vyote viwili havipaswi kusogezwa karibu na kijiboksi hiki. Pampu ya maji huvuta umeme mwingi inapoanza na hugandisha midomo ya rilei, ikabaki imewashwa hata ukiamuru izime. Pampu iendeshwe na kontakta, yaani swichi kubwa ya sumaku ya mizigo mizito, na Sonoff iiamuru kontakta tu.

Friji wengi huijaribu. Inawezekana kuamuru Tasmota isubiri sekunde 180 umeme ukirudi ili kompresa ipumzike. Lakini Basic haipimi volti, haiwezi kujua kwamba umeme umeshuka hadi 170 au umepanda kupita kiasi. Fridge Guard ya Sollatek, kifaa cha kulinda friji dhidi ya umeme mbovu, imetengenezwa kwa kazi hiyo. Friji iachiwe hiyo. Kijiboksi chenyewe nacho hakina ulinzi wa kutosha: kiwango cha juu kilichoandikwa juu yake ni 240 au 250 V kulingana na toleo, na 240 ndiyo volti yetu ya kawaida. Mwenye nyumba iliyo mwisho wa laini, ambako volti hupanda usiku wa manane, aanze na kinga ya nyumba nzima kwenye bodi ya breka.

Kwa upande wa Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, kifaa hiki kinakula chini ya wati 1 au karibu na hapo kikiwa kimetulia. Ukihesabu wati 1 kamili, ni yuniti 0.72 kwa mwezi, na vijiboksi kumi ni yuniti 7.2. Anayepunguza bili afunge vichache, panapohitajika kweli.

Ukienda dukani

Soma toleo kwenye kasha. Basic R4 inafanana kwa sura, lakini ina ESP32-C3, faili lake ni tasmota32c3, na maelekezo ya hapo juu hayalingani nayo moja kwa moja. Soketi za Wi-Fi za pini tatu zisizo na jina la maana ni bahati nasibu: nyingi zinatumia mfumo wa Tuya, zamani zikiwa na ESP8266, siku hizi mara nyingi Beken BK7231, ambayo Tasmota haiiwezi na inataka programu nyingine, OpenBeken. Huwezi kujua hadi uifungue, na nyingi zimegundishwa. Ukikataa kuzifungua, Home Assistant inaweza kuziendesha ndani ya nyumba kwa ufunguo unaochukuliwa kwenye tovuti ya watengenezaji programu wa Tuya, lakini kila ukiisajili upya soketi ufunguo hubadilika na kazi inaanza tena.

Ukimaliza kuflashi, weka nywila ya ukurasa kwa WebPassword, na usifungulie mlango wowote wa ruta kuelekea intaneti, kwa sababu mawasiliano ya ukurasa huo hayajafichwa. Anayetaka kuwasha taa za Entebbe akiwa Mbarara atumie Tailscale, programu ya mtandao binafsi uliofichwa, kwenye laptopu ya Home Assistant. Inapita vizuri hata kwenye laini za simu zisizotoa anwani ya wazi. Mwisho, pakua nakala ya mipangilio ya kila kijiboksi, faili la .dmp, ulipe jina la chumba chake, na ulihifadhi pamoja na ile nakala.bin ya kiwandani.